Tata Dirigent alisema anasikiliza tu

Niko na kasirani leo!

Mi njo nafanyaka enregistrement, kurekodi nyimbo ya chorale yetu ya kanisa. Tata Dirigent, mwenye kutuongoza kuimba, aliomba flash yenye wimbo yetu ya Pasaka.
"Nisikilize tu."
Kusikiliza tu!

Akaifungua mu ordinateur yake mpya, mu logiciel, programu mpya ya muziki, akabadilisha bitu, akaiweka juu ya ile yetu. Ya kwanza ikafutika.

Leo mashini yangu, ordinateur ya zamani, inakataa kuifungua. Nikitia ile logiciel mpya, inaniambia Windows yangu ni ya zamani.
Miezi tatu ya kazi!

Pardon? Hakuomba musamaha. Mbele ya chorale yote akasema: "Tupa ile mashini, imezeeka."

Mama Véro, soprano yetu mwenye mvi, akasimama:
"Tata, na mi je? Utanitupa lini?"

Bandugu, mumusaidie Tata Dirigent kumujibu.