Roboti Anayesikia Vilio

Mume wangu Nkwabi hajui Kiingereza. Leo nalisema bila aibu, lakini kwa miaka minne sikumwambia mtu, hata ndugu zangu wa damu.

Kazi yake ni kutafsiri filamu kwenye banda la video hapa Kirumba, Mwanza. Anakaa mbele na kipaza sauti, picha inakwenda, yeye anawasemea wote kwa Kiswahili, wanaume, wanawake na watoto. Watu hawajui kwamba asubuhi huitazama filamu peke yake, anasoma nyuso, halafu anatunga. Anazopenda zaidi ni zile za zamani za chombo cha angani, ambazo wateja wetu wamezirudia mpaka waliomo humo wamekuwa kama majirani. Nkwabi kawapa nguvu za siri ambazo mwenye filamu hakuziota. Kapteni akinuna, dhoruba inatulia. Nesi hunusa uongo. Na yule roboti wa kubeba trei, ambaye kwa kweli hana lolote, kwa Nkwabi anasikia kilio cha mtu yeyote, hata akiwa kwenye nyota nyingine. Wauza dagaa wa soko la Mwaloni huja kwa ajili ya huyo roboti tu.

Sasa, baba yangu, Mwalimu Luhende, kafundisha Kiingereza Sengerema miaka thelathini na moja. Nilipompelekea mchumba wangu Nkwabi, wakati huo akiwa pia fundi wa injini za mitumbwi, alikataa katakata. Mimi na mdomo wangu huu nikamwambia, "Baba, huyu pia anatafsiri filamu za Kiingereza." Mzee akalainika palepale. "Kumbe ni msomi!" Nikanyamaza, ndoa ikafungwa.

Mwezi uliopita baba akaja Mwanza kupimwa macho, akasema harudi bila kuiona kazi ya mkwewe. Nikamwambia Kirumba umeme umekatika. Akasema atasubiri urudi. Nikamwambia banda lina joto, lina kelele, mabenchi yenyewe mabovu.

"Teodora," akasema, "mimi nimefundisha darasa la watoto tisini. Twende."

Nkwabi alipomwona baba mkwe anaingia, nusura aangushe kipaza sauti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Endelea na kazi yako, mimi nipo tu."

Mzee akaketi benchi la nyuma. Nikamnong'oneza mume wangu tuseme mashine imeharibika. "Watu wameshakaa, mama Precious," akanijibu. "Siwezi." Mbishi huyo, we acha tu!

Filamu ikaanza. Sikuitazama, nilimtazama baba. Kapteni alipotuliza dhoruba, mzee akakunja uso. Nesi aliponusa uongo, nilihisi ananinusa mimi. Halafu roboti akafungua mlango, akasimama mbele ya mama mmoja aliyebaki peke yake chomboni, akasema maneno mawili matatu. Nkwabi akashusha sauti.

"Mama, nimekusikia ukilia tangu mwanao alipoondoka. Nimepita nyota saba. Usilie tena, nimefika."

Muuza dagaa mmoja akajipangusa macho kwa kanga. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, sikuuona uso wake.

Filamu ilipokwisha alitukuta nje, mimi na Nkwabi tumesimama tunasubiri hukumu.

"Yule roboti pale mlangoni," akasema, "unajua alisema nini?"

"Hapana, baba," Nkwabi akajibu. Hakujitetea hata kidogo.

"Alisema chai iko tayari."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Baba, kosa ni langu, mimi ndiye niliye..."

Akaninyamazisha kwa mkono. "Nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe, Teodora. Chai iko tayari. Na bado nimelia. Tangu mama yako afariki na wewe uolewe, nyumba ile haina hata wa kugombana naye. Nimelia mbele ya wauza dagaa, mtu mzima mimi!"

Akamgeukia Nkwabi, akamshika bega. Nkwabi akasema, "Basi kesho usirudi, baba. Kaa kwetu."

"Nitakaa," mzee akasema.

Ee Mungu wangu, miaka minne nikiificha siri hii! Nikakaa juu ya jiwe pale nje ya banda, nikacheka mpaka wateja wakauliza kama niko mzima.