Mtamba wa Baba na Paa la Ngozi

Harufu ya petroli ikikutana na harufu ya mpunga mpya, mimi hurudi Kahama papo hapo, hata kama nimesimama kwenye kituo cha mafuta cha mji mwingine kabisa. Ghala la mama lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, jengo refu la matofali ya kuchoma lenye mlango mpana wa mbao uliolia kila ulipofunguliwa. Mwaka niliokuwa darasa la tano, katikati ya miaka ya tisini, nusu ya ghala hilo ilikuwa ya mpunga na nusu ya pili ilikuwa ya gari. Asubuhi jua lilipenya kwenye matundu ya misumari ya bati, likashuka kwa miale myembamba juu ya magunia na juu ya boneti nyekundu, na ndani ya miale hiyo vumbi la pumba lilielea bila haraka. Ukipumua kwa nguvu ulipiga chafya. Mimi nilipumua kwa nguvu makusudi, kwa sababu niliipenda ile harufu, na bado naipenda.

Lilikuwa gari dogo la michezo, la viti viwili tu, lisilo na paa, lenye magurudumu ya spoku kama ya baiskeli. Lilikuwa jepesi hata wanaume wanne waliweza kulinyanyua na kuligeuza lilikoelekea. Injinia mmoja wa kule Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, alikuja nalo zamani, mama akiwa bado msichana wa shule. Injinia alipoondoka gari likapita mikono mingi, mpaka likaishia kwenye banda la mfugaji mmoja nje ya mji, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Baba alikuwa bwana mifugo wa serikali. Siku moja alikesha kwa yule mfugaji na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akamwokoa ng'ombe na ndama wake, na mfugaji alipouliza ampe nini, baba akanyoosha kidole bandani. Alirudi nyumbani akiwa ameketi ndani ya gari hilo, linavutwa na trekta, ameshika usukani kwa mikono miwili na uso wake umejaa sherehe.

Baba alijua ng'ombe nje ndani, lakini magari hakuyajua. Aliyapenda tu, na kwa baba kupenda kitu ilikuwa sababu tosha ya kukifungua. Gari akaliita Mtamba, kama ng'ombe jike mchanga, kwa ule wekundu wake na kwa kuwa, alivyosema, bado hajazaa ila atazaa. Mama akaliita mke mwenza. Jina hilo likashika mtaa mzima, wanawake wakawa wanamuuliza mama sokoni kama mke mwenzake ameamkaje, naye anajibu kwamba amelala, hajui hata kuteka maji. Alicheka akisema hivyo, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile nusu ya ghala.

Mwaka huo mvua zilikuwa nzuri na mpunga ulikubali kila bonde. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wamejaa upande wa Geita, wote wanakula wali, na malori yalipita kwetu kutafuta mchele. Mama aliona wazi kwamba msimu ule ukimkuta na ghala zima, biashara yake ingestawi. Jioni moja tukiwa tunakula alisema taratibu, bila kuinua sauti, "Baba Kabula, mpunga unaanza kuingia. Huyo mke mwenzangu kama ana miguu, siku ya ngoma ya mavuno atoke mwenyewe, aende mpaka uwanjani na arudi mwenyewe. Akishindwa, watu wa vyuma chakavu wanaijua njia ya kuja hapa." Baba alimeza tonge bila kutafuna. Akakubali. Mimi nilitaka kulia, kwa sababu nilikuwa nimejiapiza kwamba nitakaa kwenye kile kiti cha kushoto, upepo unipige usoni, mji mzima unione.

Basi tukaanza kazi. Nikitoka shule nilivua sare, nikavaa shati kuukuu la baba na kuingia ghalani. Baba alilitibu gari kwa namna aliyoijua. Kifaa chake cha kusikilizia mapigo ya moyo wa ng'ombe alikiweka kwenye injini, kisha akanivika mimi masikioni na kuniuliza nasikia nini. Nikajifunza kutofautisha mlio wa plagi iliyochoka na mlio wa mkanda uliolegea, na baba alipobishana nami mara nyingi nilikuwa sahihi, kwa sababu masikio yake yeye yalikuwa yamechoshwa na ng'ombe wanaolia kwenye josho. Hatukuwa na jeki ya maana. Alipotaka kuona chini alimwaga petroli na oili yote, akatoa betri, akamfunga Mtamba kamba vilevile anavyofunga dume la kuhasiwa, tukavuta na majirani, gari likalala ubavu polepole juu ya magunia ya pumba. Majirani wengine walikuja na viti vyao kutazama.

Aliyetusaidia zaidi alikuwa Baba Salma, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, Mhindi Mwislamu aliyezaliwa palepale Kahama na aliyewasemesha wateja wake Kisukuma kizuri kuliko changu. Akifunga duka Jumapili mchana alikuja na mfuko wa bolti na nati za kila namna, akavua viatu, akaketi kwenye gunia na kuanza kubishana na baba. Walibishana juu ya kila kitu na walifurahi sana. Mpira wa rejeta uliopasuka tuliubadilisha kwa kipande cha mpira wa pampu, ile inayotumiwa kunyonya maji kwenye mashimo ya dhahabu. Spoku zilinyooshwa na fundi baiskeli. Viti tulivijaza pamba kutoka shambani kwa bibi kule Maswa, nikaishindilia mwenyewe kwa ngumi. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza kuku waliruka hadi juu ya bati, moshi ukajaa ghala, na mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Alitazama, akageuka, akarudi kwenye ugali wake. Baba alisema huo ni mwanzo mzuri.

Likabaki paa. Jua la kwetu halina mchezo, na baba hakutaka Mtamba aende ngomani kichwa wazi. Baba Salma alishauri turubai, analo dukani, imara, halipitishi maji. Baba alikataa katakata. Alisema turubai ni la lori, na kwamba Msukuma mwenye ngozi ya ng'ombe nyumbani hawezi kwenda dukani kununua kitambaa. Akachukua ngozi ya dume la madoa meusi na meupe, akailainisha kwa samli siku baada ya siku mpaka ghala likanukia kama jikoni kwa bibi, akaishona kwa sindano kubwa ya magunia na kuivuta juu ya vyuma vya paa, manyoya yakiwa nje. Gari jekundu lenye mgongo wa madoa. Baba Salma alilizunguka, akatikisa kichwa na kusema, "Bwana mifugo, umelifanya sasa linahitaji chanjo."

Sifa za gari hilo zilimfikia Masanja, manju wa kundi la ngoma la upande wetu. Kwetu baada ya mavuno ngoma huchezwa kwa ushindani. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watu huenda wanakovutiwa. Atakayewavuta wengi ndiye mshindi, hakuna mwamuzi mwingine. Kwa hiyo kila manju hutafuta kitu kipya cha kuwashangaza watu. Upande wa pili walikuwa na mchezaji aliyejizungushia chatu shingoni, na Masanja alikuwa hajalala vizuri kwa sababu ya chatu huyo. Akaja kwetu, akamwamkia mama kwa adabu zote, "Mwadila, mayu," maana kwa Kisukuma mayu ni mama, kisha akamwomba baba alete gari. Baba alikuwa anakwenda hata bila kuombwa.

Siku yenyewe nilikaa kwenye kiti cha kushoto. Mama alitangulia kwa miguu na wanawake wenzake, na nyuma yao, jambo lililonikata maini, alitembea mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, ameitwa aje ajionee. Tulitoka ghalani kwa ngurumo nzuri. Hatujafika barabarani nikasikia kubweka. Jua lilikuwa limeipasha ngozi, samli imeanza kuyeyuka, na mbwa wote wa mtaa walikuwa wamepata habari. Walitufuata kwa kundi, ndimi nje, mmoja akirukia paa kila tulipopunguza mwendo. Watoto wakafuata mbwa, watu wazima wakafuata watoto. Baba aliketi wima, akitazama mbele kama vile mbwa wale amewaalika yeye mwenyewe. Nilicheka mpaka machozi yakachanganyika na vumbi.

Tukaingia uwanjani, watu wakatupisha njia, na katikati kabisa, mbele ya makundi yote mawili, Mtamba akakohoa kikohozi kikavu na kuzimika. Baba alijaribu kuwasha. Kimya. Akajaribu tena. Watu wakaanza kucheka, kisha kicheko kikapungua, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilianza kuona migongo yao ikielekea kwa chatu. Yule wa vyuma chakavu alisimama kando ya mkokoteni wake, anatafuna karanga. Mama alikuwa amefunga mikono kifuani. Hakuwa na furaha, nakumbuka vizuri. Alikuwa anamtazama baba, na baba, aliyezoea kuingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe bila kusita, sasa alikuwa anaugusa ufunguo kwa ncha za vidole.

Mimi nilikuwa bado nakisikia kile kikohozi. Niliwahi kukisikia machungani, ng'ombe akikabwa na bua la mahindi. Nikamvuta baba shati. "Baba, limekabwa. Ni pumba. Limelala kwenye pumba miezi yote hii." Alinitazama, kisha akafungua boneti. Tukafungua kabureta pale pale juani, mbwa wakitulamba miguu, na kweli, kwenye kijitundu kinachopitisha petroli lilikuwa limekaa ganda moja la mpunga wa mama, jembamba, la rangi ya dhahabu. Nililipuliza kwa mdomo. Ladha ya petroli ilikaa ulimini mwangu hadi kesho yake.

Wakati tukifanya hayo Masanja alikuwa anawaona watu wake wakimponyoka. Kwa hasira, nadhani, alilipiga paa kofi. Paa likaunguruma. Jua lilikuwa limeikausha ile ngozi na kuivuta hadi ikabana, na baba kumbe alikuwa ametengeneza ngoma pana kuliko zote wilayani bila kujua. Masanja alipiga tena, akasikiliza, akawaita wapiga ngoma wake. Wawili wakasimama kushoto, wawili kulia, na sauti iliyotoka pale ilikuwa nzito, ya chini, tuliisikia kwenye nyayo. Migongo ikageuka. Watu walirudi wakikimbia. Hata yule mwenye chatu alikuja na chatu wake kutazama. Baba akafunga kabureta, akaniambia, "Washa wewe, mayu," nami nikawasha, na Mtamba akaitika katikati ya mapigo ya ngoma kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Vigelegele vilipaa. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliacha mkokoteni na kuingia kucheza.

Mama alikuja katikati ya uwanja. Aliweka kiganja juu ya paa, akaisikia ngozi ikitetemeka kwa injini na kwa mikono ya wapigaji, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akafungua mlango wangu. "Kabula, shuka," alisema. "Nataka kwenda nyumbani na mke mwenzangu." Nilishuka. Aliketi, akaweka kanga yake sawa, na baba akaondoa gari kwa upole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya lolote. Nami nikakimbia nyuma yao njia nzima, mimi na watoto na mbwa, miguu peku, na sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Mtamba akarudi mwenyewe. Mpunga uliingia ghala zima, na gari likajengewa banda lake pembeni, kwa matofali ambayo mama aliyachagua mwenyewe.

Siku hizi nafanya kazi Geita, naishi Kalangalala, na gari langu la kila siku lina vioo vilivyofungwa na kiyoyozi. Likiumwa, kijana anachomeka waya na kompyuta inamwambia tatizo. Hakuna anayeweka sikio popote. Kahama nayo imekuwa mji mkubwa, magari yanapigana vikumbo pale tulipokuwa tukianika mpunga, na kipuri cha Mtamba ambacho tungekihangaikia msimu mzima nakiagiza kwa simu nikiwa kitandani. Siuchukii wakati huu. Ni rahisi na ni safi. Lakini sijawahi kukimbia nyuma ya gari langu jipya nikicheka, wala hakuna mbwa aliyewahi kulipenda. Kwa hiyo kila nikipata nafasi huenda nyumbani, nikavaa shati kuukuu, na pamoja na baba nikasafisha plagi, nikabadilisha oili, nikapuliza kabureta. Paa sasa ni turubai, Baba Salma alishinda hatimaye, ingawa ilichukua mvua moja kubwa na harufu ambayo sitaieleza hapa.

Tukimaliza, mama hutoka ndani tayari amejifunga kilemba, anafungua mlango na kuketi kwenye kiti cha kushoto. Viti bado ni viwili. Mimi naendesha, tunazunguka polepole hadi kwenye ule uwanja na kurudi. Baba hutufuata kwa bodaboda, na kila mara humwomba dereva asitupite, anataka kuisikiliza injini.