Niliulizwa Nimetumia Dawa Gani

Kabla ya mguu huu nilikuwa mtu wa kusubiri barua. Nilimaliza chuo kikuu, somo la baiolojia, wakati Serikali ilipokuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi moja kwa moja. Nikarudi nyumbani Nkololo na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki. Watu waliniita msomi, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka, maana asubuhi nilishika plau kama wao.

Baba yangu anafuga ng'ombe na kulima pamba. Zamani bwana mifugo alikuja na dawa za Serikali. Josho lilipokauka, dawa zikaanza kuuzwa mnadani mezani, kando ya vitenge na betri, na kila mfugaji akawa daktari wa zizi lake. Baba alinunua bomba la sindano la chuma akajifunza kuchoma. Ng'ombe wake walipona, mkono wake ukasifika.

Msimu wa kulima, maksai mmoja alishtuka, plau ikaruka, ncha yake ikanichana muundi wa mguu wa kulia. Kidonda kilikuwa kifupi kama kidole. Nilikiosha kwa maji ya lambo. Nilijua udongo na kinyesi vimejaa bakteria. Nilijua pia kwamba nikiondoka baba atamaliza shamba peke yake. Niliyapima yote mawili mpaka matuta yakaisha.

Siku ya tatu muundi ulivimba, ukang'aa, ukawa wa moto. Mama alitaka niende zahanati. Baba akasema zahanati nitaandikiwa karatasi tu, dawa hakuna. Akaleta chupa yake.

"Ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu, "hii imemwinua dume zima. Itashindwa kukuinua wewe?"

Nilisoma lebo. Oksitetrasaiklini, ndugu wa zile kapsuli za rangi mbili za madukani. Nikajiambia kwamba bakteria hajui kama yuko ndani ya ng'ombe au ndani ya mhitimu. Niliona ni hoja nzuri. Nikageuka, akanichoma pajani.

Baada ya sindano mbili uvimbe ulipungua, tukaacha. Iliyobaki ikawekwa kwa ajili ya ndama.

Nilichokataa kukumbuka ni hiki. Dawa ile kwa kawaida haiwaui bakteria. Inawazuia kutengeneza protini, kwa hiyo hawakui wala hawagawanyiki. Wanasimama tu, na mwili ndio unaowamaliza. Ukiacha mapema, waliobaki wanaendelea: mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, na mara nyingi waliobaki ndio wagumu kuliko wenzao.

Waliendelea. Wiki haikuisha, kidonda kikafumuka chenyewe. Usaha ulitoka wa kijani, na harufu yake iliwafanya wadogo zangu wahamie kwa shangazi. Nilitetemeka homa mpaka meno yakagongana. Walinilaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi barabarani, tukapata gari la kwenda hospitali Bariadi.

Daktari wa wodi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Alibonyeza mguu, akauliza, "Umetumia dawa gani kabla ya kuja hapa?"

Baba alisimama miguuni pangu, kofia mkononi. Niliwaza: nikisema, manesi watacheka, watamwita mjinga mbele ya mtoto wake. Labda hawatacheka. Labda watamfukuza wodini. Daktari alikuwa anasubiri.

"Panadol tu," nikasema.

Nikaanzishiwa sindano za penisilini, kila baada ya saa sita. Penisilini ina njia yake. Bakteria akikua hujenga ukuta kuzunguka mwili wake, na dawa hii huuharibu ukuta huo mpaka anapasuka. Chembe hai za miili yetu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana inamuua yeye na kutuacha sisi. Lakini lazima imkute anajenga.

Kumbe baba alikuwa amekuja na chupa yake; alipoona sipati nafuu, akaitoa. Kila asubuhi mama alisimama na kanga yake kama pazia, baba akanichoma paja la pili. Dawa moja ilimzuia fundi asijenge, nyingine ilimsubiri ajenge ndipo imuue. Nililijua hilo. Niliwahi kulijibu kwenye mtihani. Nikafumba macho, nikamwachia paja.

Siku ya tano vidole viligeuka rangi. Daktari alisema hali isipobadilika hadi kesho, watakata chini ya goti. Mama alilia bila sauti. Nilifungua mdomo, nikaanza kupanga sentensi, nianze na samahani au nianze na jina la dawa. Nikiwa bado napanga, baba aliingiza mkono ndani ya koti.

"Daktari," alisema, "mimi sikusoma. Huyu kasoma, ila ananifichia aibu. Nimemchoma hii. Na leo pia."

Daktari aliisoma lebo muda mrefu. Hakucheka. Hakumgombeza. Alinigeukia mimi.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Basi siku tano nimekuwa nikitibu mguu wa mtu mwingine."

Alituambia hana uhakika. Huenda dawa mbili zilipingana, huenda bakteria wangu walishajua kuivunja penisilini. Maabara ya kuotesha usaha ili kuwatambua haikuwapo. Ila sasa alijua aanzie wapi. Chupa ilipigwa marufuku. Alinipasua siku hiyohiyo, akakata nyama iliyooza, akanibadilishia dawa, kloksasilini, ambayo bakteria wa aina hiyo hawaivunji kwa urahisi. Bandeji ilipobanduliwa kila siku nilimng'ata mama kanga. Wiki ya nne kipande cha mfupa kilitoka chenyewe, cheupe kama jino.

Mguu ulibaki. Kifundo hakikunjiki, na vidole viwili havijui kama nimevaa kiatu. Barua ya kazi ilifika nikiwa wodini, na siku za kuripoti zilipita nikiwa bado nabanduliwa bandeji.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na mama kwa kanga yake. Kwako unayesoma, hasa kama nyumbani kwenu kuna bomba la sindano la zizini: kidonda cha mtu kipeleke hospitali mapema. Ukianza dawa, imalize kama ulivyoelekezwa. Ukiulizwa umetumia nini, sema yote, hata la aibu. Chupa yenyewe ibebe.

Baba bado anachoma ng'ombe. Chupa huiacha zizini, ndani ya nyumba haiingii. Na mtu akimletea mtoto mwenye kidonda ili amchome, haongei naye sana. Ananiita.

"Pandisha suruali," ananiambia.