Gunia Lisiloshuka

"Mi, gunia moja ya makala inanifikisha miezi mbili. Mbili! Ninyi munachoma makala, mi napika."

Maman Euphrasie aliyasema hayo amesimama, mkono kiunoni, mbele ya akina mama wote wa shirika lao la kanisa kule Bagira, na padri mwenyewe amekaa palepale na sahani ya ndizi magotini. Wengine walicheka, wengine waliguna. Katika nyumba za kawaida gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, linakata roho wiki ya tano, na likikata roho mapema zaidi, mama mwenye nyumba anaanza kugombeza watu kwa makosa ya mwaka jana. Padri akameza ndizi yake, akasema mama wa namna hii anafaa kufundisha wachumba jinsi ya kutunza nyumba kabla hawajafunga ndoa.

Ikawa hivyo. Miaka sita sasa, Euphrasie ndiye monitrice, mwalimu wa wachumba. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anakaa peke yake kwenye benchi ya mbele, na wasichana wenye madaftari mapya wanamwita Maman Monitrice. Halipwi hata chumvi. Lakini ukimwondolea benchi ile, ni afadhali umwondolee mguu.

Na wakati ule hakuwa mwongo, tumpe haki yake. Maharagi yake yalilala kwenye maji tangu jana. Sufuria yake ilifunikwa, na juu ya kifuniko kulikuwa na jiwe ambalo watu wa nyumbani waliliheshimu kuliko sanamu. Sabuni ya mche aliikata kwa uzi vipande sita, akavianika juani siku tatu vikauke, ili visiyeyuke haraka kama ahadi za mwanasiasa. Chupa ya mafuta hakuifungua kamwe. Alitoboa kizibo kwa msumari, mafuta yakawa yanatoka kwa machozi. Kwenda Kadutu, ambako anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alitembea kwa mguu mpaka Brasserie, kwenye kiwanda cha bia, ndipo apande basi, kwa sababu kutoka pale nauli inashuka. Mume wake, Papa Gaston, mwalimu aliyestaafu, anayebaki na sufuria mke akiwa sokoni, alisema siku moja kwamba akifa, Euphrasie atamzika na nusu ya sanduku. Alisema polepole, lakini alisikiwa. Wiki ile alikunywa chai bila sukari.

Basi maisha yakawa mazuri. Ndipo Chantal akahamia.

Chantal alitokea Kamanyola. Mume wake ni dereva wa lori, anaonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Alipanga nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na ya Euphrasie, uwanja mmoja. Mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, kitambaa kichwani kimekaa vizuri hata siku ya kufua, kicheko kiko karibu sana na mdomo. Euphrasie alimtazama akishusha vyombo, akahesabu sufuria tatu tu, akasema moyoni: huyu mutoto nitamfundisha.

Mwezi wa nne tangu ahamie, baada ya sala ya shirika, prezidenti wao Maman Marcelline alikuwa analalamikia bei ya makala, kama kawaida, na wote wanaitikia, kama kawaida. Chantal akasema kwa sauti ya kuomba maji:

"Kweli iko bei. Lakini mi, gunia inanifikisha miezi tatu."

Marcelline akaiacha bei ya makala hewani.

"Tatu?" Marcelline aliuliza.

"Tatu na siku kidogo, maman."

Euphrasie alijifanya anakunja kitenge chake upya. Watu wote walimgeukia. Hawakumtazama kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyomuuma; walimtazama vile unatazama nguo uliyoipenda zamani.

"Sawa," Marcelline akasema, na macho yanang'aa, maana hakuna kitu anapenda kama mashindano. "Jumapili ya mwisho ya mwezi, Maman Chantal atatuelezea njia yake. Na ikiwa ni ya kweli, ile benchi ya wachumba tutaangalia. Miaka sita ni mingi. Maman Euphrasie naye apumuzike."

Apumzike! Euphrasie alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa.

Ubaya zaidi, kuna kitu hakuna aliyekijua. Miezi mitatu sasa, gunia lake mwenyewe halikuwa linafika. Sijui jiwe limechoka, sijui maharagi ya siku hizi ni magumu, wiki ya sita anakuta chini ni vumbi. Safari iliyofuata, wiki ya tano. Alishuka mpaka beach, ambako maboti yanaleta makala kutoka upande wa Minova, akamshika muuzaji wake Cirhuza kwa mkono wa shati.

"Cirhuza, unanipunguzia gunia!"

"Maman, gunia ni ile ile, kamba ni ile ile. Labda kwenu munakula makala na chumvi."

"Mimi? Mimi Euphrasie?"

"Maman, mi nauza. Sihesabii mutu moto yake."

Angefanya nini? Aseme kwenye shirika kwamba monitrice gunia linamshinda kama wao? Akaanza kununua makala ya ndoo kule Kadutu, kwa siri, akiyaficha chini ya kikapo na kuyafunika na majani ya sombe. Papa Gaston akienda mazoezi ya kwaya, Euphrasie anamimina ndoo ndani ya gunia, analitikisa kidogo, ananawa mikono. Gunia likasimama vizuri. Wiki ya tano, limesimama. Wiki ya saba, limesimama kama askari.

"Maman," Gaston alimwambia siku moja, anaangalia gunia na uso wa ibada, "hii gunia haishukake. Iko na baraka."

"Ni akili, Papa," Euphrasie akajibu. "Si baraka. Akili."

Kisha akaanza kumchunguza jirani. Alienda kuomba chumvi, akaangalia gunia la Chantal: refu, limenenepa, mdomo umefungwa kwa uzi mwekundu. Alienda kurudisha chumvi, akaangalia babula, jiko lake la makala: majivu kidogo, safi, kama babula ya kuuza. Aliona babula ile ni ya udongo ndani, akaenda kununua ya udongo. Hakuna kilichobadilika, isipokuwa pesa ya babula ilienda. Alienda mara ya tatu bila sababu yoyote, na Chantal akamkaribisha chai.

Chai ilikuwa ya moto! Ya kuchoma ulimi! Saa kumi na moja ya jioni, mwanamke wa peke yake, chai ya moto, na gunia la miezi mitatu! Euphrasie aliinywa yote kwa hasira, akaomba kikombe cha pili ili aone kama kitakuwa cha moto pia. Kilikuwa.

"Unafanyaka je, Chantal?" aliuliza, na lile swali lilimuuma kutoka kuliko jino.

"Aa, maman, bitu bidogo bidogo tu. Utasikia Jumapili." Na akacheka.

Kicheko kile Euphrasie alienda nacho nyumbani. Alipika nacho, alilala nacho. Alianza kuona Chantal ana meno mengi mno.

Jumamosi, siku moja kabla ya ule mkutano, sambaza ziliisha mapema. Saa nane mchana mama mmoja mwenye mgahawa alichukua beseni nzima. Euphrasie akanunua ndoo yake, akafunika na sombe, na saa kumi kasoro alikuwa tayari anaingia uwanjani kwa nyuma, saa ambayo siku nyingine angali anapigana na wateja. Akasikia sauti ya mume wake. Akasimama nyuma ya shuka zilizoanikwa.

Papa Gaston alikuwa ameinama juu ya babula, anapepea na kipande cha karatasi ngumu. Maharagi yalikuwa yameshawekwa pembeni, yameiva. Na mwalimu yule, mkono wake ndani ya gunia, alikuwa anatoa makala. Konzi moja. Konzi mbili. Mbele yake alisimama Chantal na kifuniko cha zamani cha sufuria, amekishika kwa mikono miwili kama anayepokea komunyo.

"Inatosha, Papa Gaston, hata hii ya mwisho mwisho inanifaa."

"Ngoja kwanza, maman. Ziache zishike vizuri. Nikupatie moto ya kufa mbele ya macho yako? Haya ingekuwa gani hiyo?"

Aliongeza konzi ya tatu. Alipepea. Makala yalipokuwa mekundu kabisa, aliyachagua moja moja kwa koleo, yale mazuri, akayapanga juu ya kifuniko. Chantal akashukuru, akaenda kwake anatembea pole ili yasianguke.

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na Euphrasie hakukumbuka hata siku moja ambayo Gaston alimchagulia yeye kitu moja moja.

Alitoka nyuma ya shuka.

"Papa. Tangu lini?"

"Tangu lini nini? Aa, umerudi mapema!"

"Moto, Papa. Moto!"

"Aa, hiyo. Tangu alihamia. Kila siku saa kumi. Ningemukatalia moto? Jirani?"

Hapo Gaston hakukosea. Bagira nzima ukienda na kifuniko mlangoni kwa mtu, unapewa moto. Anayekataa, watu wanamwongelea mpaka ahame.

"Moto, sawa. Lakini unaongeza makala!"

"Kidogo tu, zifike zikiwa na moto ya heshima." Gaston alinyoosha mkono kuelekea gunia. "Na wee mwenyewe angalia! Haishukake! Mi nikajiambia, Mungu anatujazia, basi tugawe. Tangu niligawa, inazidi kujaa."

Euphrasie alikaa chini, kikapo magotini. Ee Nyamuzinda, Mungu wangu. Kila ndoo aliyoificha chini ya sombe ilikuwa imevuka uwanja juu ya kifuniko, nyekundu, ikaenda kuchemsha ile chai.

Hakumwambia Gaston kitu. Kesho yake alivaa kitenge chake cha sikukuu. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na alilitunza siku nzima kama sabuni.

Mkutano ulikuwa kwa Marcelline, palepale wachumba wanapofundishwa, na siku ile waume nao walialikwa. Wachumba walikuwepo pia, na mbele yao Ornella, atakayeolewa mwezi ujao na fundi viatu, kalamu imeshikwa kama sindano. Chantal alisimama, akaeleza bila kujificha. Hawashi moto yeye. Anangoja jirani amalize kupika, anaomba makala yale mekundu ambayo yangekufa bure kwenye majivu. Anachemsha maharagi nusu saa tu, anatoa sufuria, anaifunga ndani ya blanketi la zamani, anaiweka kwenye sanduku. Maharagi yanajiivisha yenyewe mpaka saa ya kula.

"Basi ndiyo hiyo," akamaliza. "Mi niko na blanketi, na niko na majirani."

Makofi. Marcelline tayari alikuwa anaangalia benchi.

Euphrasie akasimama. "Ule moto ni wangu!" alisema, kidole kikimwelekea Chantal. "Makala ni yangu! Kila siku anachukua kwangu! Miezi tatu yake ni gunia yangu!"

Alingoja aibu imwangukie Chantal. Marcelline alikunja uso, akafikiri, akahesabu kwa vidole, kisha akapiga kelele:

"Bamaman! Munasikia? Gunia ya Euphrasie inapika nyumba mbili, na bado inafika miezi mbili! Nyumba mbili! Huyu si mutu, huyu ni mashine!"

"Ni kweli kabisa," Papa Gaston akasema kutoka kwenye viti vya wanaume, na alisimama ili aonekane. "Mi nalala na ile gunia nyumba moja. Haishukake. Nimeona na haya macho."

Watu walishangilia. Chantal mwenyewe alikuwa wa kwanza kupiga magoti, mikono pamoja. "Maman Monitrice, sikujua! Nilikuwa nachukua moto kwa mwalimu bila kujua ni akili yako! Basi nitakuwa nakuja kila siku, mpaka nijue vizuri."

"Karibu!" Gaston akasema. "Saa kumi, kama kawaida. Hata na saa sita, ukitaka."

Walimsukuma Euphrasie mpaka kwenye benchi. Alikaa. Ilikuwa yake tena, ile mbao, na ule msumari anaoujua upande wa kushoto. Ilibidi tu anyamaze. Anyamaze, na kesho aende Kadutu na kikapo, na kesho kutwa, na mwaka ujao, anunue ndoo, afunike na sombe, amimine. Na Gaston atapepea, atachagua yale mazuri, moja moja. Na ng'ambo ya ukuta, chai itachemka.

Alimtazama Chantal. Chantal alimchekea, na meno yake yote.

"Maman Monitrice," Ornella aliita, daftari wazi magotini. "Mi niko tayari. Niandike nini?"

Euphrasie alishika benchi kwa mikono miwili. Kisha akaiachia.

"Andika bei."

"Bei ya nini, maman?"

"Ya kile ninajazia gunia."

Papa Gaston aliacha kutabasamu. Ornella aliinamisha kalamu.

"Makala ya siri, soko ya Kadutu. Ndoo moja, franka elfu munane."