Mateka wa Kiti cha Mbele

Baba yangu alichukuliwa mateka mara moja tu maishani mwake, na siku hiyo jambo la kwanza alilotaka kujua ni nani atakayekaa mbele.

Ilikuwa filamu, msishtuke. Waitaliano walikuja Thamesmead kupiga picha ya majambazi walioiba benki, wakakimbia na gari lenye watu wasio na hatia ndani. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mji mmoja wa Italia miaka ya sabini: jua kali, jasho, bastola. Kwa nini waje kuitengeneza kusini-mashariki mwa London, kwenye manyunyu yasiyokwisha, sikuelewa mpaka msichana mmoja wa kampuni hiyo aliponieleza, kwa heshima kubwa, kwamba zege la mtaa wetu lina uzuri wa kikatili. Nimekaa ndani ya uzuri huo miaka ishirini na zaidi, lifti inaharibika kila msimu, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Walichokuwa wakikitafuta zaidi ni gari, na gari alikuwa nalo baba. Lilikuwa la Kitaliano, rangi ya chai ya maziwa, alilonunua zamani kwa Singasinga mmoja wa Tooting, mzaliwa wa Nairobi. Walipatana bei kwa Kiswahili saa nzima kwa sababu ya ushindani tu, kila mmoja akitaka kuonyesha kuwa chake ndicho safi. Tangu hapo baba alilipaka nta kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile wake ni wawili na yeye ndiye mdogo.

Siku moja baba alikuta karatasi kwenye kioo cha mbele. Alidhani ni faini ya kuegesha, akaisoma akiwa ameshaandaa matusi. Karatasi iliomba gari liazimwe kwa filamu. Akawapigia simu, akatoa sharti moja: gari haliendi popote bila yeye kuwemo ndani. Wakashauriana huko kwao, wakarudi na jibu kwamba basi atakuwa mateka.

Habari zikaenea kwa jamaa zetu wa Unguja na Pemba waliotapakaa London. Msikitini mzee mwenzake akamuuliza, "Kweli umepata kazi ya ujambazi?"

"Si jambazi. Mateka."

"Afadhali ungekuwa jambazi, angalau una cheo."

Mwanangu mkubwa, ambaye ukimuuliza kwa Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza hata ukimwamsha usingizini, alitaka kujua kitu kimoja tu: "Does Babu die?" Baba akasema hajaambiwa, lakini akiambiwa atakataa.

Mimi sikucheka sana, na sababu yake lazima niiseme hapa. Baba alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huu ni mnafiki. Hauumi, hauwashi, na unakuachia katikati ya macho safi kabisa huku ukila pembeni kidogo kidogo. Baba alikuwa na uwezo wa kusimama barazani akasoma namba ya gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, na alikuwa akifanya hivyo kila nilipofungua mdomo. Lakini ukimwekea kikombe ubavuni mwake, alikuwa akikipiga kikaanguka, kisha anauliza nani kakiweka pale.

Barua ya daktari niliikuta kwenye droo, chini ya vitabu vya maelekezo vya mashine ambazo zimeshakufa. Ilisema aiarifu ofisi ya leseni, na asiendeshe gari mpaka apimwe upya. Nilipomwonyesha, aliikunja mara nne. "Huyo daktari mtoto wa juzi," akasema. "Hata gari hana, kazini huja na baiskeli. Mimi n'naona. N'nakuona wewe hapo umenuna."

Na mimi nikafanya nini? Nikanyamaza. Nafanya kazi mapokezi ya zahanati, kutwa nawaambia watu mambo wasiyotaka kuyasikia, tena kwa sauti tamu. Kwa baba yangu sauti ilikwama. Aliwachukua wajane kuwapeleka hospitali, aliwachukua wazee kuwapeleka mazikoni, na kila Jumamosi asubuhi niliwaweka wanangu wawili kwenye kiti cha nyuma cha gari lile, akawapeleka chuoni kusoma Kurani, nami nikarudi ndani kunywa chai. Nilijiambia njia ni fupi. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kupiga picha nilichukua likizo nikaenda naye. Mtaa mzima ulikuwa umefungwa kwa vizuizi, na vijana wenye redio za mkononi walikuwa wakiwazuia wapangaji wasiende nyumbani kwao. Kwa kuwa gari linalouzwa Uingereza, hata likiwa la Kitaliano, lina usukani kulia na la Italia kwenyewe kushoto, walikuwa wamepata dawa: picha nzima itageuzwa baadaye, kulia kuwe kushoto. Ndiyo maana namba za gari letu zilikuwa zimeandikwa kinyumenyume. Baba aliziangalia kwa huzuni, kama mtu aliyemkuta mwanawe amenyolewa vibaya.

Mwongozaji alikuwa mwanamume mwembamba mwenye skafu, aliyeshika kichwa kila baada ya dakika tano. Akapanga watu. Jambazi wa kwanza atakuwa kwenye usukani. Huyo alikuwa dereva wa Kiingereza, bingwa wa michezo ya hatari, mpole ajabu. Jambazi mkuu, kijana wa Roma mwenye kovu la gundi shavuni, atakaa mbele na bastola. Mzee atakaa nyuma, abanwe kati ya jambazi wa tatu na mateka mwenzake, mwigizaji aliyevaa kama karani wa benki.

Baba alikuwa ameshafungua mlango wa mbele, ameshakaa.

"Mwambie," akaniambia. Baba anajua Kiingereza kunishinda mimi, kakifanyia kazi ya ukarani kaunsilini, kwenye halmashauri ya mtaa, miaka yake yote ya London, lakini akikasirika hukihama. "Mwambie gari langu, umri wangu. N'kae nyuma mimi, huyo mtoto akae mbele? Kwao hawana wazee?"

Nikatafsiri nikipunguza makali. Mwongozaji akashika kichwa, akaeleza kwamba mateka ni mtu asiye na uwezo wa kuchagua kiti. Baba akamjibu kupitia kwangu kwamba yeye hajakataa kutekwa, anachozungumzia ni adabu. Mwisho jambazi mkuu ndiye aliyetuokoa. Alisema hata kwao babu hukaa mbele, akamfungia baba mkanda, akaenda nyuma na bastola yake. Mwongozaji alipotazama kwenye skrini akaona bastola kwenye kisogo cha mzee, akasema hivyo ndivyo alivyotaka tangu mwanzo.

Kabla gari halijaondoka baba alisoma dua ya safari, yote, bila haraka, kila mara picha iliporudiwa. Kufikia mara ya nne majambazi walikuwa wakingoja viganja juu, na yule wa kovu alikuwa akiitikia amina. Wakati wa kukimbia, baba hakunyamaza kama alivyoagizwa. "Hapa mwendo ni maili ishirini," akamwambia dereva. "Na hujawasha indiketa." Jambazi alipopiga kelele kwamba polisi wako nyuma yao, baba akageuka kumuuliza, inakuwaje watu wazima wameiba benki saa nne asubuhi na njia ya kurudi hawajaipanga? Mwongozaji alisema hiyo ibaki.

Kisha ikaja zamu ya mkate. Jambazi anamtupia mateka kipande, mateka anakula kwa njaa. Baba alikula vizuri, kwa mkono wa kulia, kama alivyolelewa. Alipoitwa aone kwenye skrini, picha ikiwa imeshageuzwa, rangi ilimtoka. Mtu yule kwenye skrini alikuwa akila kwa mkono wa kushoto.

"Dunia nzima itaniona hivi?" akaniuliza. "Na Unguja watapeleka?"

"Watapeleka, baba."

Akaomba kurudia, na mara hii alikula kwa kushoto ili watu waone kulia, akinong'ona astaghfirullah kwa kila tonge, huku makombo yakimwagikia kiti cha gari alilolipaka nta kwa nusu ya umri wake. Mwongozaji aliniuliza kwa sauti ya chini manung'uniko yale yalikuwa nini. Nikamwambia ni njaa.

Mpaka hapo nilikuwa nimeanza kufurahi. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja kando ya mwongozaji, nina kahawa mkononi, najiona mama wa staa.

Baada ya chakula cha mchana mwongozaji alininong'oneza kwamba sasa inakuja picha yenyewe. Gari litapita kati ya majengo mawili. Mama mwenye kigari cha mtoto, ndani yake mwanasesere, atatoka nyuma ya nguzo upande wa kushoto na kuvuka. Dereva atafunga breki hatua chache kabla ya kumfikia. Dereva anajua, majambazi wanajua. Mzee asiambiwe. "Nataka woga wa kweli," alisema.

Gari likaja. Mama akatoka nyuma ya nguzo, akavuka taratibu. Breki zikalia, karani wa benki akapiga ukelele, majambazi wakaruka vitini. Baba akamgeukia dereva. "Mbona umesimama?" akauliza.

Ndipo alipotazama mbele, akamkuta mama yuko mbele ya boneti.

Mwongozaji akasimamisha kila kitu, akaniuliza kwa hasira ni nani aliyemwambia mzee siri, maana hakushtuka hata kidogo. Kahawa ilikuwa imenimwagikia mapajani na sikuhisi moto.

Basi safari hii wakamwambia. Wakamwonyesha nguzo, wakamwonyesha mama, mama akampungia mkono. Baba akakaa wima na kutengeneza miwani. Sasa ilikuwa fahari yake. Gari likaja polepole kuliko mwanzo. Niliona kwenye skrini macho yake yakifanya kazi: aliangalia nguzo, mama alikuwa ameshaiacha nguzo, akaangalia barabara, mama hajafika barabarani. Kati ya nguzo na barabara palikuwa na hatua sita, na katika hatua hizo sita, kwa baba yangu, hapakuwa na mtu. Mtoto aliyekuwa akila krispu kwenye roshani ya ghorofa ya tatu alimwona. Majambazi walimwona. "Yuko wapi?" baba akauliza, na breki zikafungwa.

Akaomba kurudia mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha.

Mara ya tatu hakusoma dua kwa sauti; niliona midomo tu. Mama alitoka, na kamera ilikuwa karibu kabisa na uso wa baba. Nilimwona akitafuta. Nilimwona akijua kwamba mama ameshatoka, yuko njiani, anatembea mahali fulani mbele yake mchana kweupe na kigari chake, na yeye hajui ni wapi. Mdomo ulimcheza. Mkono wake ukanyanyuka ukashika usukani usiokuwepo. Sijawahi kumwona baba yangu akiogopa, si fujo zilipotukimbiza kutoka kwetu Unguja, si mama yangu alipofariki, na pale alikuwa akiogopa mbele ya watu arobaini waliokuwa wakinywa kahawa ya bure.

"Bravissimo," mwongozaji akanong'ona, machozi yakimlenga. Akaniambia hajapata kuona mzee anayeigiza woga namna ile. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na yeye akanipa tishu, akidhani ni kwa ajili ya sanaa. Nilitamani kumzaba kofi.

Dereva alizima gari. Aliweka mkono begani kwa baba na kuuacha pale, na jambazi mwenye kovu akaiweka bastola chini ya kiti.

Walipomaliza na kurudisha namba za gari zilizo sawa, baba aliaga kila mtu kwa Kiingereza chake kizuri cha ofisini. Kisha akanipa funguo. Sikumwomba. Kwake ni mwendo wa dakika kumi, na nilienda taratibu mno, magari yakitupigia honi nyuma. Yeye alikuwa ameweka mikono juu ya magoti. Nilikuwa nikitunga maneno ya kumfariji, yote ya kijinga, kwamba ni mwanga, kwamba ni uchovu.

Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara akasema, "Kama ningemgonga mtu, unajua polisi ningewaambia nini?"

"Nini, baba?"

"Ningewaambia katokea ghafla. Ningeshika msahafu n'kaapa. Na wallahi nisingekuwa n'nasema uongo."

Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikatazama tena kushoto. Yeye angeapa na angekuwa mkweli. Mimi ningekuwa nimesimama kando yake, nikijua.