Niliwasingizia Wakwe Kunguni, Kumbe ni Mate ya Mbu

Kosa ni langu, na sitamsukumia shetani. Nilikuwa na akili timamu, nimeshiba, na mdomo uliosema ni wangu. Jina langu liacheni. Mimi ni mama wa kuchuma chai huku Itumbe, na mwaka huu nimepata mjukuu wa kwanza.

Binti yangu ameolewa upande wa ziwani. Alipojifungua nilibeba ndizi na unga wa wimbi, nikaenda kumwona mtoto. Mvua ikanizuia kurudi, ikabidi nilale kwa jirani yao, maana kwetu mama halali kwenye boma la mkwe wake. Mkwe mwenzangu, yaani mama wa kijana aliyemwoa binti yangu, akaniletea blanketi lake na neti. Nikauliza neti ameitoa wapi. Akasema kwa kitanda cha kijana.

Sasa niambieni, ningefanyaje? Mama Mkisii ajifunike neti ya kitanda cha mkwe wake! Mimi hata kiti chake sikalii. Lakini niliona haya kumweleza, nikajigamba tu kwamba sisi watu wa milimani hatubabaishwi na mbu.

Asubuhi uso ulikuwa umevimba kama andazi. Jicho moja lilikuwa limefunga, shingo na mikono inawasha, na sikuwa nimehisi hata mbu mmoja akiniuma. Huyo jirani, ambaye tuliketi naye barazani jioni nzima, hakuwa na hata kipele kimoja. Nikajiambia, kama ni mbu, mbona yeye hajavimba? Blanketi lile lina kunguni, wakwe zangu wanao nyumbani.

Siku ya Sabato, nikiwa nimerudi kwetu, akina mama wa kanisa waliniuliza kulikoni. Nikawaambia kwa wakwe zangu kuna kunguni, tena kuna upele. Upele niliuongeza mwenyewe, hadithi ilikuwa imenoga.

Baada ya siku chache nikaenda zahanati, maana nilijikuna hadi nikatoka vidonda. Daktari, kijana mpole, akanipima malaria, hakuipata. Akaangalia mikono yangu.

"Mama, haya ni mate."

"Mate ya nani?"

"Ya mbu jike."

Nikamwambia sijaacha chai shambani nije kutaniwa. Akacheka, akanieleza taratibu. Mbu akichoma anatema mate kwanza, na ndani yake kuna protini za kila kazi. Nyingine inazuia damu isigande, nyingine inalegeza mishipa damu ije vizuri, nyingine inanyamazisha mwili usishtuke mapema. Jike anataka damu ya kukuza mayai, na akikawia anapigwa kofi. Zamani za kale wenye mate hafifu walikufa bila kuacha uzao. Hawa wa leo ni wajukuu wa wale waliokunywa haraka wakatoroka.

"Huo uvimbe ni mwili wako unapigana na mate ambayo haujayazoea," akasema. "Wa ziwani wanaumwa na mbu tangu utotoni. Wengi wao miili imezoea, hawavimbi hivi."

"Kwa hiyo si kunguni?"

"Wewe ulimwona kunguni?"

Nilichukua dawa ya kupaka nikaenda zangu. Na hapo ndipo nilipokosea zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeujua ukweli, na Sabato iliyofuata nikanyamaza. Niliona aibu.

Mwezi uliopita binti yangu alimleta mtoto, akiwa na mkwe mwenzangu. Kanisani kwetu mtoto mchanga hakai kwa mamake. Ibada ikiisha tu anapita mikononi mwa akina mama wote, wanamgombania. Siku hiyo hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja alisema "mzuri" akiwa mbali, akavuta shali yake. Mwingine alimvuta mwanawe kando.

Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, mtoto wangu ana nini?"

Moyo uliniuma, jamani. Nikasimama hapo mbele ya wote nikasema kila kitu, neti, mbu, mate, na ule upele wa kuongeza. Mkwe mwenzangu alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nina kunguni?"

"Huna."

"Na upele?"

"Huna, mama. Nisamehe."

"Sema kwa sauti. Wale wa nyuma hawajasikia."

Nikasema kwa sauti. Kanisa zima likacheka, akina mama wakaja wakambeba mtoto, akazunguka mikono yote. Alipofika kwangu, mkwe mwenzangu akamchukua kabla sijamgusa. "Wewe utasubiri," akasema. Nikasubiri hadi jioni.

Nyinyi mnaopenda kuongezea hadithi chumvi, nawaomba mkaulize kwanza. Uvimbe wangu uliisha kwa wiki moja. Maneno yangu bado nayafuata nyumba kwa nyumba nikiyakanusha, na kuna mama mmoja kule Magwagwa ambaye akimwona mjukuu wangu mpaka leo anaficha mikono.