Ruhusa ya Kuchuma Mawaridi

Baba yangu alikuwa mtunza bustani ya mawaridi ya mji, upande wa pili wa kisiwa, mbali na nyumba yetu ya Mji wa Kale. Ilikuwa bustani ya watu wote. Neno hilo baba alilielewa hivi: kwa kuwa ni ya watu wote, basi hakuna hata mmoja mwenye haki ya kugusa.

Kila alfajiri, akishasali, alikwenda kuiamkia miti yake. Alianza na ule wa karibu na lango, akauuliza hali, akaenda kwa wa pili. Sisi wa nyumbani tulipata salamu zetu akirudi, ikiwa bado anazo. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, na mwaridi si mkoko, kwa hiyo alikuwa akiteka maji matamu kwenye bomba la mji na kuyabeba kwa mzegazega, debe mbele na debe nyuma, kutwa nzima. Begani aliota sugu. Mama alimkanda kwa mafuta ya nazi huku akinung'unika kwamba yeye hajapata kuletewa hata kikombe.

Vita vilipokuja, meli zilizokuwa zikileta marashi ya waridi zikaadimika, na chupa madukani zikabaki tupu. Mombasa bila marashi ni taabu. Maulidi yanayataka, arusi inayataka, maiti naye hazikwi bila hayo. Wanawake wakaikumbuka bustani ya baba. Walimwendea mmoja mmoja, wengine na shida za kweli, wengine na za kutunga. Wote aliwajibu kwa adabu, akawauliza hali za wazee wao, akawasindikiza mpaka langoni mikono mitupu. Mke wa mzungu mmoja mkubwa alisindikizwa vivyo hivyo. Hata maua yaliyoanguka yenyewe hakuyatoa. Aliyafukia chini ya mti ulioyaangusha, akisema mwenye mali karudishiwa mali yake.

Katikati ya dhiki hiyo, nikaposwa.

Nitasema wazi kwamba niliyataka yale mawaridi. Kikuba cha bibi arusi hutungwa kwa asumini, mkadi, rehani na waridi, kisha kikanyunyiziwa marashi. Marashi hayakuwapo, basi waridi angalau. Nilikuwa nimewekwa ndani siku ya tatu, nasuguliwa liwa asubuhi na jioni, sina kazi ila kukifikiria hicho kikuba. Shangazi yangu, dada yake baba, hakunisaidia.

"Mwanangu, ukitoka na asumini tupu, watu watasema mfinyanzi hulia gaeni," aliniambia. "Na hawatakuwa wamekusingizia."

Yeye ndiye aliyemwendea baba. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Jumatatu akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda ofisini kwa mkubwa wa bustani kuomba ruhusa. Mkubwa hakuwapo. Jumanne hakuwapo. Jumatano alikuwapo, akacheka, akamwandikia karatasi na kuipiga muhuri: achume apendavyo. Baba alipoileta nyumbani, mama alipiga vigelegele, nami nikala chakula nilichokuwa nimekisusa tangu asubuhi.

Siku ya arusi, wanawake waliketi uani juu ya mikeka, asumini imejaa sinia, nyuzi mikononi, wakingoja. Adhuhuri ikapita. Karibu na alasiri baba akaingia. Mkono mmoja alikuwa na mkasi, wa pili alikuwa na ile karatasi. Kikapu alichokitundika begani kilikuwa kitupu.

"Yako wapi, ndugu yangu?" shangazi akauliza.

"Yamefunguka leo," alisema baba. "Yote. Tangu nianze kazi sijayaona vile."

"Na ruhusa je?"

"Ruhusa n'nayo, hii hapa." Akaiinua wote waione, ingawa hakuna aliyekuwa na shaka nayo. "Nimesimama nayo tangu asubuhi. Mkono haukwenda."

Bibi mmoja akasema haya basi, tungeni, na wakatunga asumini tupu.

Baba akaja chumbani kuniaga. Nilikuwa nimekwisha pambwa, wanja machoni, kikuba kifuani, na mama yuko pembeni ananitengeneza leso. Nikasema neno ambalo bibi arusi hasemi.

"Baba, miti ile waipenda kuliko mimi."

Alilifikiria. Kule kulifikiria kuliniuma kuliko jibu lolote.

"Wewe leo wapata mtu wa kukutunza," alisema. "Ile haina."

Akaniombea dua, dua ndefu na nzuri, akatoka. Nikalia mpaka wanja ukachuruzika juu ya kikuba. Wanawake walioko mlangoni walifurahi sana, maana bibi arusi asiyelia hudhaniwa ana haraka ya kwenda.

"Awaonea utungu wazee wake," wakaambiana.

Mimi nilikuwa nalia kwa wivu, tena wivu wa miti. Mama peke yake hakudanganyika. Alinifuta uso kwa upindo wa leso, akainama sikioni mwangu.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Wewe watoka. Mimi nabaki nayo."